Kusimamia, Kusimamisha

Jiwe liligongwa mara mbili kwa mpini wa nyundo, likageuzwa, likagongwa tena upande wa chini, kisha likatupwa kando. Fundi aliyelileta kutoka kwenye lundo hakuuliza kitu. Aliinama akachukua jingine. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa kuwa mgeni kwenye shantiye ana ruhusa ya kuuliza maswali ya kijinga.

"Lile limekufa," kapita akanijibu. "Njoo usikie lililo hai."

Lililo hai lililia. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa sufuria iliyoguswa na kijiko, ukakatika papo hapo. Lile la kwanza, alipoligonga tena kwa ajili yangu, lilitoa sauti butu kama ya mlango ulionyonya mvua. Ndani yake, alisema, kuna ufa usioonekana, na siku ardhi itakapotikisika ufa huo ndio utakaotangulia kusema.

Tulikuwa Rugerero, mwendo mfupi tu kutoka Gisenyi mjini, kwenye kiwanja cha mteremko ambacho ukisimama juu yake unaliona ziwa Kivu upande mmoja na moshi wa volkano ya Nyiragongo upande wa pili, mawingu yakikubali. Mawe ni yale meusi ya volkano ambayo Kinyarwanda huyaita amakoro. Wakulima wa huku huyaokota shambani kwa hasira na kuyalundika kandokando ya njia; wajenzi huyafuata hukohuko na kuyageuza msingi, ua, ngazi, ukuta wa kuzuia udongo. Mengine ni mazito kama chuma. Mengine yana vitundu kama mkate, mepesi hata mtoto angebeba mawili. Machoni pangu yalikuwa mawe meusi tu, yote. Kapita alikuwa ameshayagawa mafungu manne kabla ya chai ya saa nne: ya msingi, ya pembeni, ya kufunga, na ya kutupa.

Dar es Salaam wangemwita mnyapara au foramani. Huku ni kapita, neno lenye harufu ya Kongo ya Wabelgiji. Mahali pa kazi ni shantiye. Na vibarua wanaochanganya zege ni abayede, Kifaransa kilichovuliwa viatu. Kiswahili nacho kimetoa mchango wake: mwashi kwa Kinyarwanda ni umufundi. Kutwa nzima nilisikia lugha tatu zikipokezana ndoo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Nyuma ya kapita alisimama injinia, kijana ambaye kwa umri angekuwa kitinda mimba wake, na juu ya kofia yake ngumu ilifungwa kamera ndogo inayoona pande zote kwa pamoja. Kila jioni, kabla watu hawajanawa miguu, huizunguka shantiye mara moja, polepole, kama muumini anayesali njia ya msalaba. Picha zinaingia kwenye programu ya akili mnemba, nayo inazilinganisha na michoro: ukuta huu umefika wapi, nguzo ile ina ringi ngapi, mbao za zege zimekaa siku ngapi. Kilichokamilika inakipaka kijani, kinachochelewa njano, kinachokosekana nyekundu. Kisha inaandika ripoti, kwa Kifaransa safi kuliko changu, na kuituma kwa mwenye nyumba, ambaye anaishi Brussels na hajakanyaga kiwanja hiki tangu kilipopimwa.

Wenye ndugu ughaibuni hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu huyo aliilipia programu hiyo. Wangapi wametuma fedha za saruji miaka minane, wakaletewa picha za nyumba ya jirani?

Nilikuwa nimekwenda kutazama kamera. Siku ya kwanza niliitazama kwa dakika ishirini hivi. Siku zilizobaki nilimtazama kapita.

Mahali penyewe ndipo panapomfanya awe alivyo. Jumamosi jioni, Mei 22, 2021, Nyiragongo ulilipuka na lava ikashuka kuelekea Goma, upande wa Kongo, ikakoma karibu na uwanja wa ndege. Wa upande wa Rwanda tulidhani tumepona. Kisha ardhi ikaanza kutikisika, mchana na usiku, siku baada ya siku. Jumanne ya Mei 25, saa tano na dakika tatu asubuhi, mitambo ya Rwanda ya kufuatilia matetemeko ilirekodi mtikisiko wa kipimo cha 5.3, na ilipotafuta chanzo chake ilikitaja kwa jina: Rugerero. Kwa kipimo cha dunia si tetemeko kubwa. Lakini lilikuwa karibu sana na nyumba za watu, na nyumba zikapasuka, lami ikapasuka, kuta zilizokuwa zimesimama tangu enzi za mababu zikafunguka katikati kama kitabu.

Kapita alizunguka mitaa siku zile. Hakutumwa na mtu. Alitaka kuona, aliniambia, kuta zimekufa kwa ugonjwa gani. Na aliona ugonjwa uleule nyumba baada ya nyumba: ukuta wa mawe wenye sura mbili nzuri, ya nje na ya ndani, na katikati vumbi na kokoto zilizomwagwa tu. Ardhi ilipotikisika sura mbili ziliagana. Moja ikaangukia barabarani, nyingine kitandani.

Methali ya ufa na ukuta tumeichosha, na waandishi ndio tulioichosha zaidi. Ila kwa ukuta wa amakoro ina kasoro: ufa wenyewe hauonekani. Uko ndani, umeuzungushia mawe mazuri wewe mwenyewe.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya maji. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa iliporomosha milima ya Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, mto Sebeya ukavunja kingo zake, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha. Mwezi Julai mwaka huohuo, hapa Rugerero, kijiji cha mfano cha familia 120 kilizinduliwa. Nayataja haya ili ieleweke kwamba huku neno "jengo imara" halitoki kwenye tangazo la saruji. Kila mtu ana nyumba anayoikumbuka.

Sebeya ndio unaoanzisha siku ya kapita, kwa sababu ya mchanga. Mto huu unabeba udongo wa milima iliyolimwa hadi kileleni, na mchanga unaotoka kando yake unaweza kuwa mzuri Jumatatu na tope tupu Alhamisi, kutegemea mvua imenyesha wapi. Kapita ana chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, imebanduliwa lebo, ina mistari ya kalamu ya wino mweusi. Lori likifika, kabla halijainua tela, anachota mchanga kutoka sehemu tatu za mzigo, juu, katikati, na pembeni chini ambako wajanja huficha. Anajaza nusu ya chupa, anaongeza maji na chumvi kidogo, anaitikisa kama mama anayechanganya dawa ya mtoto, anaiweka juu ya jiwe tambarare na hataki mtu aiguse. Mchanga unatulia kwanza. Tope linakuja polepole juu yake, utando laini wa rangi ya chai ya maziwa. Chumvi ndiyo inayolifanya litulie mapema. Utando ukizidi sehemu nane kwa mia ya mchanga, lori linarudi.

Nilimwona dereva mmoja akibishana naye. "Muzehe, mchanga huu ndio uliojenga kanisa."

"Kanisa huombewa kila Jumapili," kapita akasema, macho yake yakiwa kwenye chupa. "Hii nyumba ataiombea nani?"

Chupa ile inahitaji saa nzima na zaidi. Programu, nilipomwuliza injinia, ilikuwa imelitambua lile lori lilipoingia getini, ikaandika "mchanga umefika", ikaweka saa na namba ya gari. Ni habari sahihi kabisa, na jioni mtu wa Brussels anayeisoma angelala usingizi mzuri.

Sitaki kuonekana kama nadharau mashine. Injinia alinionyesha mambo yake nikavutiwa. Haichoki. Ijumaa saa kumi, wakati kila mtu anawaza mshahara na pombe ya ndizi, inahesabu nondo kwa makini yaleyale ya Jumatatu asubuhi. Inakumbuka kila siku ya mradi, kwa hiyo ukitaka kujua bomba la maji machafu lilipita wapi kabla ya kufukiwa, unarudi nyuma kwenye picha na unaliona, limelala wazi chini ya jua la mwezi uliopita. Hilo peke yake lingeokoa sakafu ngapi nchi hii zinazobomolewa kwa kubahatisha! Lakini mashine za aina hii hujifunza kwa kuonyeshwa picha, na inavyoelekea hakuna aliyewahi kuionyesha amakoro. Wiki ya kwanza, injinia aliniambia akicheka, iliutazama ukuta wa kapita na kuripoti kwamba kuna kifusi kinachohitaji kuondolewa.

Kapita alilisikia hilo na hakukasirika. "Hata mimi mwanafunzi wangu wa kwanza alidhani hivyo."

Ukitaka kumwona akifanya kazi usimtazame anapotoa amri, maana hatoi nyingi. Mtazame anaposubiri. Anapopima usawa kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha kilicho ndani, kwanza anaupitisha vidole urefu wake wote akitafuta povu. Povu moja dogo kama punje ya mtama likibaki ndani, ncha mbili zitakudanganya, na kosa hilo litapanda na ukuta hadi kwenye paa. Akilipata anaubana mpira, anaugongagonga kwa ukucha, povu linapanda, linatoka. Ndipo anapomwita mwenzake ashike ncha ya pili. Timazi anaitundika na kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili isiyumbe na upepo wa ziwani, kisha anakunja mikono. Hasemi imetulia mpaka itulie. Nilihesabu: mara moja alisubiri dakika karibu nne kwa ajili ya uzi.

Pembe za nyumba anazipata kwa kamba yenye mafundo, tatu, nne, tano, hesabu iliyojulikana tangu Babeli ya kale. Injinia ana kifaa cha leza kinachofanya hivyo kwa sekunde. Wanafanya vyote viwili, leza kwanza na kamba baadaye, na majibu yakitofautiana hawagombani. Wanarudia vyote viwili. Hilo lilinipendeza kuliko chochote. Sikuwahi kusikia mmoja akisema chombo chake ndicho cha kuaminiwa.

Na mawe. Jiwe lenye vitundu lina kiu, kwa hiyo kila lundo linamwagiwa maji kabla ya kujengwa. Likiingia kavu litanyonya maji ya udongo wa saruji, na saruji isiyo na maji haishiki, inabaki vumbi lililoganda. Jiwe linalazwa kwa mgongo wake mpana. Kiungo cha juu hakikai juu ya kiungo cha chini. Halafu kuna yale ya fungu la tatu, mawe ya kufunga, marefu, yanayopita kutoka sura ya nje hadi ya ndani na kuzishika pamoja kama kifungo cha shati. Kila sentimita 60 kwenda juu uwepo mstari wake, na katika mstari huo zisipite sentimita 120 bila jiwe jingine. Vipimo hivyo vimo katika miongozo ya kujenga kwa mawe kwenye maeneo ya matetemeko. Kapita alivipata kwenye semina baada ya 2021, akavipiga chapa kwa msumari kwenye ubao wake wa kupimia.

Siku yangu ya pili, ukuta wa kuzuia udongo upande wa nyuma ulikuwa umekamilika urefu wa mita nne. Kundi jipya la mafundi ndilo lililoujenga, kapita akiwa upande wa mbele na zege la msingi. Ulikuwa mzuri. Mawe yalikaa kama meno, viungo vimepigwa mstari kwa mwiko. Jioni kamera ilipita, programu ikaupaka kijani.

Asubuhi kapita aliukaribia akiwa na kipande cha nondo ya milimita sita, kirefu kama mkono. Alikichomeka kwenye kiungo, kikakwama. Akasogea hatua mbili. Kikakwama. Akasogea tena, akachomeka, na nondo ikaingia, ikaingia, mpaka vidole vyake vikagusa jiwe.

Injinia alikuwa amefika. "Muzehe, ripoti imeshakwenda. Ukuta ni kijani."

"Ni kweli. Kwa nje ni kijani."

Alimpa nondo. Kijana alijaribu mwenyewe sehemu tatu, na mara mbili ilizama. Hakusema neno. Wale mafundi wapya walikuwa wameacha kuongea, na mmoja wao alianza kuutazama mwiko wake kama kitu alichokiokota njiani.

"Simamisha," kapita akasema.

Hakupandisha sauti. Mtambo wa kuchanganyia zege ulizimwa. Shantiye ya watu kumi na wawili ikawa kimya kiasi cha kusikia pikipiki barabarani. Wakashusha mistari ya juu ya ukuta ule, jiwe moja moja, wakakuta kokoto kavu katikati na hakuna hata jiwe moja la kufunga, wakaanza upya. Ilikula siku moja na nusu. Kapita hakumtukana mtu. Alikaa na lile kundi, akajenga nao mita ya kwanza kwa mikono yake, na kila alipolaza jiwe la kufunga alimfanya mmoja wao aweke kiganja nje na mwingine aweke kiganja ndani, walisikie wote wawili.

Jioni ile ya kubomoa, ukuta uligeuka nyekundu na simu ikapigwa kutoka Brussels. Injinia aliipokea akitembea kuelekea lundo la mchanga. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia upande wake wa mazungumzo. Angeweza kusema kapita amesimamisha kazi, na ungekuwa ukweli. Alisema: "Nimesimamisha."

Neno hilo limekaa nami. Kiswahili kimetupa mzizi mmoja tukaushonea nguo nyingi. Fundi anasimama. Anasimamisha nguzo, maana yake anaifanya iende juu. Anasimamisha kazi, maana yake anaifanya isiende popote. Na aliye juu ya yote anasimamia, ni msimamizi, na tukimsifu tunasema ana msimamo. Kinyarwanda nacho kinafuata njia hiyohiyo: guhagarara ni kusimama, guhagarika ni kusimamisha, guhagarikira ni kusimamia. Lugha mbili za jirani zimeona kitu kilekile, kwamba anayejua kuinua ukuta na anayejua kuuzuia usiendelee wanatumia kitenzi kimoja, na kwamba usimamizi usio na uwezo wa kusimamisha ni mtu tu aliyesimama hapo.

Umoja wa Ulaya, ulipopitisha sheria yake ya akili mnemba mwaka 2024, ulifika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Kifungu cha 14 kinataka mifumo yenye hatari kubwa isimamiwe na binadamu anayeweza kuipuuza, kuugeuza uamuzi wake, na kuizima kwa kitufe cha kusimamisha au njia nyingine kama hiyo. Kinaonya pia juu ya tabia ya mtu kuliamini jibu la mashine kwa kuwa tu ni la mashine. Niliposoma niliona vidole vya kapita vikigusa jiwe. Kwetu Rwanda, sheria ya mwaka 2012 ya taaluma za usanifu majengo na uhandisi imeufanya uinjinia kuwa kazi ya mtu aliyesajiliwa, mwenye jina. Programu haina jina la kuandikwa pale chini.

Na kuona peke yake hakujawahi kutosha. Tarehe 29 Aprili 2016, katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi, ghorofa sita zilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Jengo lile lilikuwa limeshaonekana. Wakaguzi walikuwa wameliweka kwenye orodha ya majengo ya kubomolewa. Jicho lilifanya kazi yake, hapakuwa na mtu wa kusema neno moja na mtambo ukazimwa. Ungeweka kamera elfu pale, zingepiga picha elfu za jengo lililokuwa na wapangaji.

Tena jicho lenyewe linategemea limesimama wapi. Baada ya tetemeko kubwa la Uturuki na Syria, Februari 2023, waokoaji walitumia mfumo uitwao xView2, uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, unaochambua picha za setilaiti na kuonyesha majengo yaliyoharibika. Ulisaidia kwa kasi ambayo miguu haiwezi. Lakini ulitazama kutoka juu. Jengo lililobaki na paa lake zima huku kuta zake zimeachana, kwa jicho la setilaiti ni jengo zima. Ndiyo Rugerero ya Mei 2021 ile, na ndio ukuta wa kijani.

Kuna hadithi moja ya mawe haya ambayo mafundi wa ukanda wa volkano wanaipenda, na nilimpelekea kapita nikidhani haijui. Huko Butaro, wilaya ya Burera, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa michoro ya MASS Design Group ilijengwa kwa amakoro. Msanifu Michael Murphy ameieleza hadharani: waashi walianza pembe moja wakauzungusha ukuta jengo zima, na walipomaliza walikuwa wameiva kiasi kwamba waliomba ruhusa ya kuubomoa ule wa kwanza waujenge tena. Hakuna aliyekuwa amewaambia una kasoro. Mikono yao ndiyo iliyokuwa imehama, na jicho likafuata.

Kapita alisikiliza mpaka mwisho. "Walikubaliwa?" akauliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Nisije nikamfanya malaika. Siku nyingine, programu ilipaka nyekundu nguzo ya pembe ya kaskazini, na safari hii mwenye makosa alikuwa yeye. Ringi za chini zilikuwa zimepangwa sentimita 25 badala ya 15. Alikuwa ameipita nguzo ile mara nne tangu asubuhi. Chini ya nguzo, karibu na msingi, ndipo tetemeko linapouma, na ringi zikiwa mbali nondo hupinda kama miguu ya panzi. Injinia alimwonyesha simu bila kusema kitu. Kapita alivaa miwani, akaitazama picha, akaenda akapima kwa shubiri yake, akarudi.

"Macho ya simu yameona," alisema. Akamwita mfunga nondo, akakaa naye chini, wakafungua waya. Alipomaliza alichukua daftari lake, lile la jalada gumu la bluu, akaandika tarehe, nguzo, na kosa. Nilichungulia. Mbele ya neno "kosa" aliandika jina lake mwenyewe.

Daftari hilo linaanza mwaka 2009. Lina mvua, lina idadi ya mifuko, lina mchoro wa jiwe gumu lililovunja nyundo mbili. Injinia ameanza kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa ili programu ijifunze. Kapita amekubali, kwa sharti kwamba kurasa zenye majina ya wafanyakazi wanaodaiwa zirukwe.

Siku ya mwisho ilikuwa ya bimu ya ghorofani. Zege lilianza saa mbili. Koni ya kupimia, sentimita 30 kwenda juu, ikajazwa mara tatu na kila mara ikashindiliwa mara 25, ikainuliwa, zege likakaa kama lilivyotakiwa, likishuka kidogo na kubaki na mabega. Umuyede mmoja aliyetaka kuongeza maji ili koleo liingie vizuri alitazamwa tu, akairudisha ndoo. Simu ya injinia ilisema mvua itaanza saa tisa. Saa sita na nusu kapita aliutazama mlima, ambao haukuwepo tena, wingu limeumeza mpaka kiunoni, akasema tutasimama baada ya robo saa.

"Ripoti inasema saa tisa, muzehe."

"Itanyesha saa tisa Gisenyi."

Injinia aliutazama mlima, akatazama simu, akatazama urefu wa bimu uliobaki. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali pa kuishia, theluthi ya urefu kutoka kwenye nguzo, ambako nguvu ya kukata ni ndogo na kiungo cha zege la leo na la kesho hakitaumiza. Kapita akaweka kipande cha ubao palepale, wima, akakipigia msumari. Hawakuongea tena. Zege lilifika kwenye ubao saa saba kasorobo, na turubai lilikuwa limeshafungwa pembe zote nne tone la kwanza lilipoanguka, saa saba na dakika ishirini.

Niliondoka jioni mvua ilipokatika. Watu walikuwa wamekwenda, kamera imekwisha kupita, mlinzi anapika viazi. Kapita alipanda tena juu akiwa na viatu vya nyumbani. Alifunua turubai upande mmoja, akatandaza magunia yaliyolowa juu ya zege, akayapapasa kutoka mwanzo hadi kwenye ubao, gunia baada ya gunia, kwa kiganja kilichofunguliwa. Moja lilikuwa kavu pembeni. Alishuka kuchota maji.